Ndege ya Kuzima Moto Ilitupita Tukiungua

Siku mtaa wetu ulipoungua, watu walipiga makofi.

Sisemi kwa mafumbo. Walipiga makofi na vigelegele, wakainua simu zao juu kurekodi moshi. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kipaza sauti.

Naitwa Swabir. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Diani, na kwa kuwa nimejaaliwa ulimi, kukiwa na shughuli ufuoni huitwa kuwa emsii. Mwaka jana yakaja maonyesho ya ndege.

Ziko zilizopinduka angani na kuchora mioyo kwa moshi. Lakini iliyowateka watu ilikuwa moja ya manjano, ya kuzima moto. Chini ina maboya mawili marefu. Inashuka baharini, inakimbia juu ya maji bila kusimama, huku inakunywa. Kisha inapaa na tumbo lake la tani tatu na kuyamwaga maji yote kwa mpigo mmoja.

Nikawatangazia kuwa rubani ni mwanamke, Mkenya mwenzetu, anaitwa Beryl. Akina mama walivyoshangilia, weee.

Ndipo nikageuka upande wa lami, nikaona moshi.

Mweusi, mzito, unalala kufuata upepo. Nyuma ya mahoteli, ng'ambo ya lami, ndiko kwetu. Nyumba zimebanana na mapaa ni makuti matupu. Na ndani ya moja ya nyumba zile alikuwa mama yangu, Mwanapili, ambaye kiharusi kimemlaza. Mguu na mkono wa kulia haviendi, na wa kushoto hauna nguvu. Alikuwa na mke wangu Twaiba, basi.

Nikampigia Twaiba. Simu inaita, haipokewi.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Jamani, kule kuna moto. Ni moto wa kweli."

Ndipo makofi yakaanza.

Walidhani ni sehemu ya maonyesho, kwamba tumewasha moto wa kuigiza ili ndege ije iuzime. Nikarudia kwamba si mchezo. Wakazidi kushangilia.

Mathew, msimamizi aliyetoka Nairobi, akaja akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Budaa, tulia," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ukiwatisha hawa wote watakanyagana. Unaona watoto wangapi wako hapa?"

Alikuwa na haki.

Nikamwambia mamangu yuko kule na hawezi kutembea. Nikaona uso wake umebadilika. Akashika redio, akawa anazungumza na huyu na yule. Gari la zimamoto lilikuwa njiani, lakini magari ya watazamaji yalikuwa yameziba barabara pande zote mbili. Halikuwa na pa kupita.

Kisha tukaona ile ndege ya manjano imeshuka upande wa kisiwa cha Chale, imejaza, na badala ya kurudi mbele ya watu ikapita juu ya vichwa vyetu kuelekea kwetu.

Nikasema alhamdulillahi. Nilisahau kuwa kipaza sauti kiko wazi. Umati mzima ukaitikia.

Nikakitupa, nikakimbia.

Nilipofika mtaani, upande wa msikiti ulikuwa umekwisha. Moto ulikuwa unaruka paa hadi paa kama kitu chenye akili. Watu wanachota kisimani, wanamwaga, na maji yanakauka kabla ya kufika chini. Wengine walirusha mchanga. Mzee mmoja alisimama tu na birika mkononi, hajui alimwagie nani.

Katikati ya nyumba zetu kuna uwanja. Hapo ndipo nilipomwona Mama, amelazwa juu ya godoro la bluu, amefunikwa shuka jeupe. Twaiba amechutama, anamlowanisha kwa leso ya maji.

Aliyemtoa ndani alikuwa jirani yetu Justus, seremala kutoka Kitui. Twaiba alipopiga ukelele, Justus aliacha karakana yake, akaingia kwetu, akamburuta Mama na godoro lake hadi pale wazi, mbali na kuta. Aliporudi kwake, mbao zilikuwa zimeshika. Alikuta moto umejifungia mlango kwa ndani.

Mlio wa ndege ukaja.

Tukakimbilia uwanjani sote. Wanawake wakapunga leso, wanaume wakavua mashati wakapunga. Tulikuwa tunaiita. Ikaja chini sana, minazi ikainama. Nikafumba macho kusubiri maji.

Hayakuja.

Ikazunguka, ikarudi. Nilimwona rubani kabisa, kofia yake nyeupe, ametuinamishia uso. Ikapita. Ikazunguka tena. Tulipiga kelele hadi sauti zikakatika. Ikapita tena.

Halafu ikaelekea baharini. Tuliyaona maji yakimwagika kule mbali, meupe, baharini yalikotoka. Upepo ukatuletea makofi ya watu wa ufuoni.

Kanze, mama mmoja wa jirani, akakaa chini pale pale. Akaniuliza, "Swabir, wametukataa?"

Nyumba zote ziliungua. Gari la zimamoto lilifika likakuta magogo na kuta chache. Hakufa mtu, na kwa hilo tulishukuru, lakini shukrani ya mtu aliyesimama juu ya jivu lake ni nzito mdomoni.

Video zikasambaa. Rubani akatukanwa nchi nzima, kwamba kafunzwa kufurahisha watalii, maskini waungue. Sisi wenyewe tulimlaani. Mimi nilimlaani hata kwenye sujudu.

Siku moja baada ya adhuhuri, tukiwa tumehifadhiwa kwenye darasa la madrasa, akaja mwanamke mmoja amevaa dera na mtandio. Akapiga hodi vizuri. Akamwamkia shikamoo kila mtu mzima. Akasema yeye ndiye Beryl.

 Nilidhani Kanze atamrukia.

Hakujitetea wala hakuulizia nyumba. Alitukazia macho mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu, kisha akauliza:

"Yule aliyekuwa amelala kwenye godoro la bluu, alipona?"

Nikamwonyesha Mama pembeni. Beryl akafunika uso kwa mtandio wake, mabega yakawa yanamtikisika.

Alipoweza kusema, alitueleza. Minazi ilimwachia njia moja tu ya kushuka, na njia hiyo ilipita juu ya uwanja wetu. Maji yale yakiachiwa hayanyeshi kama mvua. Yanavunja gari. Yanavunja mtu. Alizunguka akitumaini tutaondoka.

"Waliosimama wangetawanyika," alisema. "Yule aliyelala hakusogea. Nilimwona kila nilipopita. Sikuweza."

Mama hasemi vizuri tangu augue, lakini kusikia anasikia. Machozi yalimtoka, yakaingia masikioni, na mkono wa kuyafuta hauendi.

Justus alikuwa mlangoni. Alimwuliza rubani kitu kimoja tu, kwa upole kabisa.

"Kama ningemlaza upande ule wa pili, kwenye mikorosho, je?"

Beryl akamtazama Mama.

"Ningeyafungua maji," alisema.

Justus akatikisa kichwa polepole. Akaenda kwa Mama, akamnyoosha shuka miguuni, akamwambia, "Pona, Mama." Akatoka nje.

Siku hizi yuko Msambweni, anamfanyia kazi fundi mwingine. Hana kinyongo. Ananisalimu kwa simu, ananiuliza hali ya Mama. Lakini hajarudi kukanyaga kwetu. Na Mama akisikia jina la Justus, hugeuza uso ukutani. Nikimwambia si kosa lako, najua hayamwingii. Kosa si lake, si la Justus, si la rubani. Nimemtafuta wa kumlaumu, sijampata, na hilo nalo lina uzito wake.

Nawaachia hili, ndugu zangu. Mwenye uwezo wa kukuokoa akikupita, uchungu wako ni halali, lia. Ila kabla hujamlaani, muulize kutoka kule alikokuwa aliona nini. Sisi tuliona ndege inayotukimbia. Yeye alimwona mamangu.