Skrini Iliyogoma Kurudi Kanisani

Kanisani kwetu, mtaani Umoja, maneno ya nyimbo yaliangazwa ukutani kwa projekta, na waya wake ulipita sakafuni mahali hasa ambapo mzee wa kanisa, mkusanyaji wa sadaka, alipenda kupita. Kompyuta niliishika mimi. Kila mzee alipoukanyaga, waya ulicheza, picha ikapotea, na haikurudi hadi niizime kompyuta na kuiwasha upya. Kwaya ilirudia ubeti wa kwanza mara nne, kwa kuwa hakuna aliyeujua wa pili.

"Binti yangu," mzee aliniambia baada ya ibada, "hiyo mashine inahitaji maombi."

Kuhusu viatu vyake hakusema lolote.

Kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nilijua pa kutazama. Kompyuta ile ilitumia programu huria ya kuonyesha picha kwenye skrini au projekta, ile ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuirekebisha. Niliwaandikia watunzaji wake. Mmoja, aliyeishi ng'ambo, alijibu: "Hapa kwangu haitokei. Nani huchomoa skrini na kuichomeka tena ndani ya sekunde moja?"

Nikamweleza kwamba mtaani kwetu hata stima ya taa hupotea na kurudi hivyo hivyo, na skrini nayo. Akanishauri ninunue waya bora.

Jumamosi nilikaa sebuleni na skrini ya kuazima, nikichomoa waya na kuuchomeka mchana kutwa. Mama, karani mstaafu wa baraza la jiji, alinitazama huku akichambua mboga ya sukuma wiki.

"Miaka minne chuo kikuu," akasema, "na hiki ndicho walichokufundisha?"

Jioni nikalipata kosa. Programu ikiambiwa skrini imeondoka, huanza kufungasha vitu vyake. Habari kwamba skrini imerudi huikuta bado inafungasha, nayo huipuuza, kama karani aliyeona saa ya chakula imekaribia. Mfano huo sikumwambia Mama.

Mistari tisa ya programu ilitosha kulirekebisha, nikamtumia mtunzaji yule wa ng'ambo. Mtunzaji aliirudisha mara tano: jina hili refu, nafasi ile imezidi. Sentensi niliyoongeza kueleza stima ya Umoja aliifuta kabisa. Mwishowe akakubali, akaandika juu yake: "Kwa hali adimu sana." Siku niliyoyasoma maneno hayo, stima ilikuwa imepotea mara tatu kabla ya chai ya saa nne.

Niliiweka programu mpya kwenye kompyuta ya kanisa. Jumapili mzee akakanyaga waya, picha ikapotea, ikarudi kabla kwaya haijavuta pumzi. Akawatangazia washirika kwamba amekuwa akifunga na kuomba kwa ajili ya mashine hiyo. Wakampigia makofi. Nami nilipiga, ningefanya nini?

Aliyenisifu ni Mama peke yake. Aliwaambia majirani kwamba natengeneza skrini. Jumatatu asubuhi nikamkuta jirani yetu mlangoni, amekumbatia televisheni iliyopasuka kioo.

"Nimeambiwa kwako ni kazi ya mchana mmoja," akasema.

Nikamwambia mimi sishughuliki na vioo. Akaiweka televisheni chini taratibu, akaniaga, akaenda kazini.