Bressandet wa Mtoni, Bressandet wa Mlimani

Jina la ukoo hufa lini hasa: anapozikwa mtu wa mwisho aliyeitwa kwalo, au mapema zaidi, wakiwa hai wote, pale wenye jina wanapoacha kutambuana? Makala haya yanaanza bila jibu la swali hilo.

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, Ludivina Bressandet Olarte amesimama kati ya marando yanayotambaa ya vanila kijijini El Remanso, kando ya mto Nautla, mkononi ameshika mwiba wa mchungwa. Mbele yake ua la kijani linaloelekea umanjano limefunguka dakika chache tu zilizopita. Kabla ya adhuhuri litakuwa limejifunga, na halitafunguka tena.

Analichana ua ukingoni kwa mwiba, anainua ngozi nyembamba inayotenganisha dume na jike, kisha anabonyeza kwa kidole gumba. Kazi ya sekunde tano. Anahamia ua la pili.

"Nyuki wa kuifanya kazi hii ni wachache," anasema bila kugeuka. "Kwa hiyo nyuki ni mimi. Nyuki wa miaka sitini na moja, mwenye magoti mabovu."

Kwa asubuhi moja huchavusha maua elfu moja na zaidi. Akifanya kazi katika mashamba ya wengine hulipwa peso mia tatu na ishirini kwa siku, na msimu hauzidi wiki saba. Miezi mingine huchuma ndimu na kufunga kwenye majani tamale za unga wa mahindi za kuuza. Shamba lake mwenyewe lina marando mia moja na themanini, na ndiko aliko leo.

Leo hayuko peke yake. Kutoka mstari wa pili inasikika sauti ya mwanamume.

"Shangazi, umeruka ua hapo!"

"Sijaliruka. Nimekuachia, nijue kama unatazama kazi au unanitazama mimi."

"Nakutazama wewe. Kazi naijua."

Mwanamume huyo ni Crescencio Bressandet Tiburcio, mwenye umri wa miaka arobaini na minne. Ameshuka kutoka kijiji cha Cerro del Zapote kuja kumsaidia kwa sababu ya magoti yake. Miezi minne iliyopita Ludivina alimwita mwizi mbele ya watu ishirini.

Saa saba mchana wa leo, katika banda la chama cha ushirika, Ludivina atatakiwa kutaja mrithi wa alama ya familia yake. Asipomtaja, ukurasa wa Bressandet utafungwa.

Kila mkulima wa vanila hapa hutoboa alama yake kwenye maganda yakiwa bado mabichi, kwa kizibo kilichopachikwa pini. Ganda linapokua, matundu hugeuka makovu, na makovu hayo hayafutiki hata ganda likikaushwa na kuwa jeusi. Mwizi anaweza kuchuma usiku kucha, lakini hawezi kuuza. Alama zote zimeandikwa katika daftari kubwa la chama, ukurasa mmoja kwa kila ukoo, na kila baada ya miaka kumi mwenye ukurasa humtaja mrithi. Mrithi lazima alitangulize jina la ukoo huo, tena awe mkulima, au awe mtoto ambaye bado hajachagua kazi.

Alama ya akina Bressandet ni herufi B yenye nukta tatu chini yake. Iko ukurasa wa kumi na nne.

Aliyeileta, kwa mujibu wa masimulizi ya familia, ni Anselme Bressandet, mkulima aliyevuka bahari kutoka mashariki mwa Ufaransa pamoja na majirani zake, akashukia mtoni hapa. Majirani walizaa kwa wingi, na majina yao leo yamejaa kwenye milango ya maduka. Ukoo wa Bressandet ulizaa wasichana; hapa mtoto hubeba jina la baba kwanza na la mama baadaye, hivyo msichana akiolewa jina lake husogea nafasi ya pili kwa watoto wake, kisha kwa wajukuu hutoweka.

Kufikia mwaka jana walibaki wawili: Ludivina, na Noemí, bintiye wa pekee. Noemí hakuwahi kuandikishwa na baba, ndiyo sababu anaitwa Bressandet. Ni muuguzi, ana umri wa miaka ishirini na sita, na utomvu wa vanila humtoa malengelenge hadi viwikoni. Hawezi kuwa mrithi wa shamba hata kama angetaka.

Ni Noemí aliyeandika barua kwenye manispaa ya kule alikotoka Anselme. Jibu lilifika baada ya miezi mitatu. Karani aliandika kwa adabu kwamba Bressandet wa mwisho pale alizikwa zamani, kabla ya vita vikuu, na kwamba huenda jina lilimaanisha mtu aliyehamia kutoka nyanda za Bresse. Aliomba, kama wapo waliobaki, wamjulishe.

"Nilisoma barua ile nikahisi baridi," anasema Ludivina. "Dunia nzima, wawili! Na mmoja ana magoti haya."

Wakati huo Noemí alikuwa mjamzito. Sheria sasa inaruhusu wazazi kutanguliza jina la mama. Ludivina aliomba mtoto aandikwe Bressandet kwanza, Zárate baadaye, ili awe mrithi. Aliomba Oktoba, akaomba Novemba, akaomba mbele ya wakwe.

"Mama mkwe," Ulises Zárate, mumewe Noemí, alimtania mezani, "jina hilo mwalimu atalisoma kwa kupumzika mara mbili. Mtoto atachelewa kuitikia."

"Afadhali achelewe. Lenu wanaitikia kumi kwa mpigo."

Noemí hakucheka. "Mama, mimi nimebeba mtoto," alisema. "Sijabeba jina."

Ndipo ikaja Desemba, na mavuno.

Siku hiyo foleni ya wauzaji ilifika nje ya banda. Don Abundio, karani na mpima mizani wa chama, alikuwa amemimina gunia la maganda mabichi kutoka mlimani. Mwenye gunia alikuwa akiuza hapa kwa mara ya kwanza, baada ya mnunuzi wa kwao kufunga biashara. Ludivina, aliyekuwa wa tatu katika foleni, aliona ganda moja limeanguka sakafuni. Akaliokota. Herufi B. Nukta tatu.

"Don Abundio, usipime! Hiyo mali yangu!"

"Yako vipi, Doña Vina? Mwenyewe si huyu hapa?"

"Basi mwenyewe ni mwizi. Tazama alama!"

Wanaolima vanila wanaelewa uzito wa neno hilo. Watu walisogea. Mmoja alifunga mlango wa banda. Mwanamume wa mlimani hakurudi nyuma wala hakupandisha sauti.

"Mama, maganda haya nimeyachavusha mimi, na alama nimeitoboa kwa mkono wangu, kama babu yangu alivyotoboa. Umeniita mwizi. Sasa niulize jina langu."

"Sikuulizi."

"Basi usiniulize." Akatoa kitambulisho cha kupigia kura, akamkabidhi karani.

Don Abundio alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Anaitwa Bressandet," alisema.

Sauti ikatoka mwisho wa foleni: "Doña Vina, leo umekamata na mwizi wa jina!" Banda zima likaangua kicheko. Ludivina hakucheka. Alitoka na gunia lake bila kuuza hata ganda moja.

"Sikuamini," anasema sasa, akibonyeza ua. "Nilijiambia, ameliokota mahali. Watu huokota vitu."

Lakini Don Abundio hakuliacha jambo hilo lipite. Wiki iliyofuata alimwita, akamfungulia daftari la zamani lililohifadhiwa kabatini, mabuku mawili kabla ya linalotumika leo. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na sahihi ya Anselme na ya mwanawe mdogo, Próspero. Chini yake, miaka minne baadaye, ilikuwapo sahihi ya Próspero peke yake: alama ileile, makazi Cerro del Zapote.

Ludivina aliketi chini kwenye magunia. Kila Septemba, tangu kabla baba yake hajazaliwa, familia yake huomba misa kwa ajili ya Próspero Bressandet, aliyechukuliwa na mafuriko ya mto akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu. Tarehe ya sahihi ilikuwa miaka minne baada ya mafuriko hayo.

"Nikamwambia Don Abundio, maiti haitii sahihi. Akanijibu, labda hii ilijua kuogelea."

Februari alipanda mlimani. Noemí alikwenda naye, tumbo likiwa la miezi sita, kwa sababu alikataa kubaki nyumbani. Crescencio aliwapokea njiani bila maneno mengi. Nyumbani kwake aliketi mama yake, Eulalia, mwanamke wa miaka themanini na sita anayezungumza Kitotonaki, lugha ya wenyeji wa milima hii. Alimtazama Ludivina kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kitu, na watu wote uani wakacheka.

"Anasemaje?" Ludivina aliuliza.

Crescencio alitafsiri. "Anauliza, ndio hawa waliotufukuza? Mbona wafupi hivi?"

Kisa cha mlimani kilikuwa tofauti na cha mtoni. Próspero alitumwa huku na baba yake kuwafundisha watu kuchavusha kwa mkono, ujuzi uliokuwa mpya wakati ule. Akampenda Micaela, binti wa nyumba aliyofikia. Aliposhuka naye mtoni, Anselme alimfungia mlango. Mwaka huohuo mto ulifurika, na baba akawaambia majirani kwamba mwanawe amezama. Ilikuwa rahisi kuliko kusema alichofanya.

Wakampeleka Ludivina makaburini. Jiwe lilikuwa dogo na herufi zimeliwa na mvua, lakini jina lilisomeka. Próspero alifariki mzee wa miaka sabini.

"Nilianza kuhesabu miaka yote tuliyomwombea mzama ambaye hakuzama," anasema Ludivina, na sauti yake, iliyokuwa na mzaha tangu alfajiri, inatulia. "Alikuwa hapa juu, amekaa umbali wa mwendo wa saa sita kwa miguu. Alikuwa na wajukuu. Na sisi tunawasha mishumaa."

Kisha, uani kwa Crescencio, jamaa wa mlimani wakaanza kuja. Mmoja alikuwa fundi wa paa, wawili walimu, mapacha wa shule ya msingi, bibi harusi wa wiki iliyopita. Kila aliyeingia uani alitaja jina lake kamili, na Noemí akaliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki mpaka nafasi ikaisha, akahamia kwenye mfuko wa mkate. Bressandet Tiburcio. Bressandet Juárez. Bressandet Santes. Huku mlimani wanaume walizaliwa wengi. Walifika arobaini na saba.

"Mama, arobaini na saba!" Noemí alipiga kelele, kalamu hewani. "Na wewe ulitaka kunitwisha mimi peke yangu!"

"Nyamaza, uandike. Yule pale hujamwandika."

Hata hivyo Ludivina hakurudi na uamuzi. Majirani wa mtoni walimwambia wazi kwamba ukurasa wa kumi na nne ni wa watu wa mto, na kwamba kuupeleka mlimani ni kuutupa. Noemí naye, akimwona mama yake hapati usingizi, alimwendea wiki iliyopita na kumwambia kwamba amekubali: mtoto ataandikwa Bressandet. Alisema huku akitazama sakafu. 

Saa tano na nusu maua yameanza kujikunja. Ludivina anachomeka mwiba kwenye ukingo wa kofia, ananawa mikono kwenye ndoo, anabadilisha blauzi. Crescencio hajui mkutano unahusu nini. Ameambiwa tu aje.

Banda limejaa. Noemí ameketi mbele, Ulises akimpepea kwa kipande cha boksi. Mtoto anatarajiwa baada ya wiki tatu. Don Abundio anapitia kurasa moja moja, warithi wanatajwa, watu wanapiga makofi. Anafika ukurasa wa kumi na nne.

"Bressandet. Mwenye ukurasa, Ludivina Bressandet Olarte. Mrithi?"

Noemí anafungua mdomo amtaje mtoto. Ludivina anaweka mkono begani kwake na kusimama kwa kuegemea bega hilohilo.

"Doña Vina, fikiri vizuri," mkulima mmoja anasema kutoka nyuma. "Ukurasa ukipanda kule hautashuka."

"Nimefikiri tangu Desemba, na mimi si mwepesi wa kufikiri, mnanijua." Wachache wanacheka. Ludivina anamgeukia Crescencio, aliyesimama karibu na mizani, na kuongea kwa sauti inayofika hadi mlangoni.

"Hapahapa nilimwita mtu huyu mwizi. Nilikosea, na nyinyi mlionisikia nikikosea, nisikieni sasa. Don Abundio, andika: Crescencio Bressandet Tiburcio, mkulima, Cerro del Zapote. Mjukuu wangu ataitwa Zárate, kama wazazi wake wanavyotaka. Na Septemba hii sitaomba misa ya mzama. Nitapanda mlimani, mimi na yeyote wa mtoni atakayenifuata, tukamwombee Próspero kaburini kwake."