Kamba ya Katani na Mashua ya Kijiji

Shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo sentensi zangu zinalala huku na huku kama migomba iliyopigwa na mvua ya mawe. Utanivumilia. Jambo lenyewe ni fupi, ila mimi nina tabia ya kupitia kwa majirani kabla ya kufika nyumbani.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, kijijini kwetu upande wa Muleba, kando ya ziwa. Kijiji kilikuwa na mashua moja ya mbao, ya watu wote. Ndiyo iliyopeleka ndizi na kahawa Bukoba, na wagonjwa, na mara moja ng'ombe wa mahari aliyelia njia nzima kama bibi harusi. Nahodha wake alikuwa munywani wangu. Kwetu munywani si rafiki wa kunywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, tu. Tukiwa vijana tulichanjwa mbele ya wazee, tukapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akaipaka punje yake damu, tukabadilishana, tukameza. Wazee wakasema atakayemdanganya mwenzake, tumbo litamvimba mpaka lipasuke. Langu halijavimba hadi leo, na hilo ndilo linalonitisha.

Sasa, mitumbwi ya watu binafsi tuliambiwa tuikabidhi kijijini. Wengine wakakabidhi. Mimi niliapa kwamba wangu, alioniachia marehemu baba, umeoza. Haukuwa umeoza. Niliuficha ndani ya mafunjo, ng'ambo kidogo ya ufukwe, na hata mke wangu alidhani samaki ninaoleta nimegawiwa.

Siku hiyo munywani wangu aliletewa habari kwamba mama mkwe wake amefariki, huko Maruku. Msiba wa mkwe haukawii. Lakini alisimama ufukweni akitazama visiwani, ambako wingu lilikuwa limekaa chini, jeusi, na ziwa limenyamaza kupita kiasi. Akaniambia upepo utafika kabla ya asubuhi kuchangamka. Akanieleza kama mtu anayeacha mtoto: niivute mashua juu kwa kuitelezesha kwenye vigogo vya migomba, nijaze mawe, nifunge mbele na nyuma kwenye miti miwili.

"Kamba ya katani iko chini ya kiti," alisema. "Mashua usiifunge kama unavyofunga mbuzi wako, munywani. Tutakuja kuiokota Uganda."

"Nenda kamzike mkweo," nikamwambia. "Mashua niachie mimi."

Akaenda bila hata kugeuka. Aliniamini hivyo.

Niliwaita akina mama waliokuwa wakiteka maji, wakanisaidia kuivuta. Vigogo vya migomba vinateleza vizuri, mashua ilipanda kama imepakwa samli. Mawe nilijaza mwenyewe mpaka mgongo ukaniuma. Mpaka hapo sina kosa. Kisha nikaitoa ile kamba, ndefu, mpya, na katani miaka ile ilikuwa haba hata kwenye duka la ushirika, nikaufikiria mtumbwi wa baba kule kwenye mafunjo, umefungwa kwa kipande kilichochakaa. Nikajiambia mashua ni nzito, ina mawe, haiendi popote. Nikaifunga kwa kamba za migomba, zile tunazofungia mzigo wa kuni. Nilizisuka mara tatu, nisijione mbaya. Katani nikaenda nayo kwenye mafunjo.

Upepo ulikuja kunapambazuka, na maji yakapanda kuliko nilivyowahi kuona. Mawimbi yaliinyanyua mashua pamoja na mawe yake, kamba zikakatika, ikapigwa kwenye miamba mpaka ikabaki mbavu. Mtumbwi wa baba ulikuwa mzima. Nilipoukuta unaelea pale, mkavu ndani, nilitamani ungezama.

Munywani wangu aliporudi, kiliitishwa kikao. Mwenyekiti akauliza nani aliifunga mashua. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka kwamba nikisema kamba, nitaulizwa kamba iko wapi, na kamba iko kwenye mtumbwi niliouapia. Nikaufunga.

Yeye ndiye aliyejibu. "Mashua nilikabidhiwa mimi," alisema. "Niliyeondoka ni mimi."

Hakuniangalia hata kidogo. Nadhani aliamini upepo tu ndio ulioshinda. Wakamvua unahodha, wakampeleka shamba la pamoja, yeye ambaye jembe alilishika kama kafi. Watu wakamtania vilabuni kwamba alikwenda kuzika mmoja akazika wawili. Nami nilicheka nao, Mungu anisamehe, nisije nikaonekana nina neno. Mikungu ya ndizi ikarudi kubebwa kichwani hadi barabarani. Hakupanda tena chombo chochote mpaka anakufa.

Mwaka jana nilikwenda Nyanga, anakoishi mjane wake kwa binti yao. Nikamweleza yote, hata mafunjo. Alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya mpaka nikamaliza. Nilitegemea alie au anifukuze.

"Shemeji," akasema, "mimi sikuwahi kumlaumu. Kwa nini unaniletea mimi? Kawaambie waliomcheka."

Waliomcheka wengi tumewazika. Waliobaki ni watoto wao na wajukuu, na wajukuu wanajua kusoma. Basi wasome hapa: mashua ya kijiji niliifunga mimi, kwa kamba za migomba, na katani ilikuwepo.