Homa Iliyomjua Bibi

Mwaka ule redio zilipoanza kutangaza mafua ya nguruwe, nilikuwa mwalimu wa baiolojia Nachingwea. Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani Chinongwe kusaidia kuvuna ufuta. Nilimkuta baba mdogo kalala, mtu ambaye sikuwahi kumwona kitandani mchana. Haikupita wiki, nyumba nzima ikawa chini: mimi, mkewe, watoto. Koo ziliwaka moto, viungo viliuma kama tumepigwa.

Bibi peke yake hakuugua. Alikuwa mkongwe, macho yamefifia, lakini alitukorogea uji, akatufuta makamasi kwa kanga yake na kulala katikati yetu.

Alasiri moja nilimsikia mlangoni akiongea Kimwera, taratibu, kama anayepokea mgeni. Akanyamaza, akasikiliza, akajibu. Nikainua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Na huyu homa. Mimi namjua. Alikuja nikiwa mtoto, vita ya Wajerumani imekwisha. Akachukua mama, akachukua kaka zangu. Leo kabadili nguo tu."

Darasani nilifundisha karibu hayohayo: kirusi cha mafua kimevaa protini kama miiba, na kwa miiba hiyo hushika chembe hai za koo. Protini hizo hubadilika mara kwa mara ili kinga ya mwili isikitambue. Lakini zikifanana na za zamani, chembe za kinga zenye kumbukumbu huamka, hata baada ya umri mzima, zikatengeneza kingamwili za kukizuia. Damu ya bibi haikupimwa, lakini hadi leo sina maelezo mengine ya kwa nini hakuugua.

"Anataka nini sasa?" niliuliza, nikajishangaa kwa kuuliza.

"Hataki wazee. Anapenda wenye nguvu."

Asubuhi baba mdogo alianza kuhema kwa shida, midomo ikawa ya buluu. Majirani walimpakia kwenye pikipiki kumpeleka hospitali Ruangwa. Alikata roho njiani.

Sisi wengine tulipona. Matanga yalipokwisha, nilimuuliza bibi kama mgeni wake ameondoka. Aligeuza uso upande wa kijiji cha Malolo, akatega sikio.

"Anatembea," alisema.

Siku chache baadaye, shangazi yangu aliyeolewa Malolo alituma ujumbe: huko watu wameanza kukohoa.