Mbwa wa Kichina na Mtani Wangu

Niliajiriwa kazi ya yaya, lakini nilipofika nyumbani kwa Wazungu fulani, kule Tabora upande wa stesheni, sikuona mtoto. Nikauliza mtoto yuko wapi. Memsahibu akafungua mlango wa chumba cha kulala, akanionyesha kikapu, na ndani ya kikapu kulikuwa na kitu cha manyoya kinakoroma kama mzee aliyeshiba ugali. Lo! Mbwa! Mimi, binti wa mzee wa kanisa, mjane wa heshima, nimetoka mtaani kwetu Ng'ambo asubuhi na kanga mpya, nije kulea mbwa?

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ninaweza kumshuku hata kuku anayetaga kila siku. Basi yule mbwa nilimshuku tangu siku ile. Mbwa wa kwetu Unyamwezi ana pua ndefu na mbavu za kuhesabika, na akiona unainama anajua unaokota jiwe. Huyu pua ilikuwa imezama usoni, macho yametoka nje kama ya chura, miguu ya mbele imepinda, na manyoya ya rangi ya asali yanaburura chini. Hakuwa akibweka ovyo. Alikaa tu anakutazama, wewe unafagia, yeye anakutazama. Nikajisemea, huyu si bure, huyu anaripoti.

Malezi yake yalikuwa mazito kuliko ya mtoto. Kila asubuhi nilimnyunyizia maji kidogo, nikamchana kwa brashi kuanzia mizizi ya manyoya, nikianza na tumbo kabla ya mgongo, kwa sababu manyoya ya tumboni ndiyo yanayofungamana. Ile mikunjo ya chini ya macho niliifuta kwa pamba na maji yaliyochemshwa, nikaikausha, la sivyo inanuka. Masikio nilikagua kupe, nyayo nilikagua funza. Kumwinua ilikuwa kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja matakoni, maana ukimshika vibaya shingoni jicho linaweza kutoka. Niliposikia hilo la jicho sikulala vizuri wiki nzima. Na amri iliyopita zote: jua likishapanda, mbwa asitoke nje. Pua yake fupi haiwezi kupoza joto, na joto lingemuua.

Memsahibu alinipa na historia yake, mumewe akitafsiri. Alisema mababu wa mbwa huyo waliishi katika jumba la wafalme wa China, wakubwa waliwabeba ndani ya mikono mipana ya kanzu zao, na mtu wa kawaida akimwiba mmoja alikatwa kichwa. Nikamuuliza, sasa ninyi mlimpataje? Akasema askari wa Kiingereza waliingia katika jumba lile wakati wa vita, wakawakuta mbwa wachache, wakawachukua wakaenda nao kwao. Alikuwa mwanamke wa kufunga sukari kwa kufuli na kuweka alama kwenye chupa kwa penseli ili ajue nani kanywa, na huku mbwa wake mwenyewe katoka katika mali ya kuporwa. Loo, Wazungu!

Jikoni alikuwepo mpishi, mtu mzima, Mzaramo wa pwani, kofia ya vito, ile ya kutarizwa, kichwani na aproni nyeupe. Yeye alikuwa Mwislamu mshika dini, mbwa hamgusi, na ulimi wa mbwa ukimgusa aliosha mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini nyama ya yule mbwa aliipika yeye, akaikatakata ndogo ndogo, akachanganya na wali, akaiacha ipoe kabla ya kuniita.

Na yeye alikuwa mtani wangu. Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, na huko njia inakoishia Wanyamwezi na Wazaramo wakashikana utani. Mtani anakutukana hadharani, anakunyang'anya kitu chako, anakuombea kifo, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye huna adabu. Basi sisi wawili kutwa ilikuwa matusi na vicheko. Aliniita mtumwa wake, nami nilimwita mwizi wa chumvi.

Siku moja, nikisubiri chakula cha mbwa, akanichochea. "We Mnyamwezi, huyo mwanao kesho namtia dawa kwenye nyama. Akifa kaburi nachimba mimi, na sanda nakuvua hiyo kanga yako."

"Mtie basi, unaogopa nini?" nikamjibu. "Babu yako aliwatilia sumu wapagazi wa babu yangu, wewe unashindwa na mbwa?"

Tukacheka mpaka machozi. Nilipogeuka nikamwona memsahibu kasimama barazani na kikombe chake cha chai. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini dawa alijua, mbwa alijua, na kufa alijua.

Kesho yake memsahibu alikwenda kumtazama mgonjwa hospitali. Ilikuwa miezi ile ya ukame, kabla mvua haijaanza, jua la Tabora linapasua kichwa. Sasa dada yangu kule Ng'ambo alikuwa amenichosha. Wanawake wenzake bombani walisema mimi mwongo, hakuna mbwa asiye na pua, na wengine walisema kama yupo basi ni jini la Wazungu na mimi nalilea. Hilo la jini liliniuma. Nikasema leo watamwona. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, nikamfunika na kichwa watu wa njiani wasimwone.

Mpishi alikuwa mlangoni pa jiko. "Unampeleka mwanao kliniki?"

"Nampeleka kwa bibi yake," nikamjibu, nikapita.

Wanawake walimwona, wakapiga kelele, wakacheka, wakamshika manyoya. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikarudi saa sita kasoro, jua liko utosini, na njiani nikaona hakoromi tena. Nilipomfungua kwenye kikapu chake ulimi ulikuwa nje, rangi ya zambarau, povu mdomoni, miguu imenyooka. Nikampepea kwa kanga. Nikamwomba Mungu. Halafu, na hili nalisema ingawa ni aibu, nikaenda nikachukua bakuli lake la nyama ya asubuhi, nikalinusa. Nilitamani linuke. Nilitaka sana awe ni yule Mzaramo, asiwe ni mimi. Bakuli lilinukia nyama na wali.

Memsahibu alipoingia alipiga ukelele mmoja: "Sumu!" Akambeba mbwa mpaka bafuni akammwagia maji. Bwana, mkubwa wa reli, akarudi kula chakula cha mchana akakuta nyumba nzima inalia. Alituita sote wawili sebuleni. Yeye Kiswahili alikijua barabara.

"Mpishi jana alisema atamtia mbwa dawa. Memsahibu amesikia. Nakuuliza wewe yaya, alisema au hakusema?"

Mpishi akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, maana alijua ninachojua. Neno lilikuwa mdomoni mwangu: Bwana, huyu ni mtani wangu. Neno dogo tu. Lakini nilikwishaona mbele. Nikisema ni utani, Bwana atauliza, sasa mbwa kaumwa na nini? Na asubuhi yote wewe ulikuwa wapi naye? Mpishi akifukuzwa bila barua ya sifa hapati tena jiko la Mzungu, kutoka Tabora mpaka Kigoma, na akitajwa kwa sumu anaweza kwenda jela. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale. Lakini kazi niliyokuwa nikiifikiria ilikuwa yangu.

"Alisema, Bwana," nikasema.

"Na wewe, mpishi, unasemaje?"

"Nilisema, Bwana," mpishi akajibu taratibu. "Huyu anajua nilisemaje." Akangoja. Mimi nikatazama zulia. Aliniona nikitoka na mbwa mgongoni, angeweza kunitaja papo hapo, na hakunitaja. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti.

Bwana alimwambia aondoke bila barua, na ashukuru hapelekwi polisi.

Mbwa alipona. Jioni alikunywa maji, kesho yake akala. Daktari wa mifugo wa serikali akaja, akamgusa, akamfungua mdomo, akasema hii si sumu, ni joto. Memsahibu akanigeukia. "Ulimtoa nje?"

"Hapana, memsahibu."

Nadhani alinishuku, na kama alinishuku basi alikuwa sahihi. Lakini kumwita mpishi arudi kungekuwa kukiri kosa, naye hakuwa mtu wa kukiri. Akasema pengine jikoni waliacha mlango wazi, mbwa akatoka. Lawama ikabaki palepale.

Nikasikia mpishi anangoja treni ya pwani. Nikajua namna ya kuyamaliza. Mtani hanuni, nitakwenda nimtukane, atanitukana, tutacheka, na ndani ya kicheko nitamwomba radhi. Nikafunga asali na karanga, nikaenda stesheni. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake la bati, katikati ya abiria wengine.

"We Mzaramo!" nikapaza sauti. "Unakimbia? Mbwa mmoja tu amekushinda, unarudi kwa mama yako kula pweza?"

Abiria wakacheka, maana kila mtu aliujua utani akiusikia. Yeye akasimama.

"Hujambo, mama," akasema. "Habari za nyumbani?"

Nikashtuka. Lakini sikukata tamaa. Nikanyoosha mkono nikamvua kofia. "Hii mali ya babu yangu, ninyi mliiba kwenye mizigo!" Alitakiwa aniite mchawi, aninyang'anye, anitishie kuniuza. Alisimama tu kichwa wazi, mvi zake zote zinaonekana.

"Chukua tu, mama," akasema. "Kama inakufaa."

Wale abiria waliacha kucheka, mmoja akageukia pembeni. Nilitaka kumwambia yote, jua, kanga, bakuli nililolinusa, lakini hayo ni maneno ya kumwambia mtani, na mtani pale hakuwepo tena. Nikamrudishia kofia kwa mikono miwili. Akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa, akasema, "Ahsante sana, mama. Mungu akuweke." Kisha akakaa juu ya sanduku lake akatazama reli, na asali yangu sikujua nimpe nani.