Filomena na pipi iitwayo bombo

Jua la saa nne limekwisha kupanda Kurasini, na malori yamejipanga upande mmoja wa barabara hadi kwenye geti la yadi ya makontena. Filomena Nambunga anamimina karanga kwenye sufuria ya sukari iliyoyeyuka, anageuza kwa mwiko haraka haraka, kisha anaitandaza kashata juu ya ubao aliokwisha kuupaka mafuta. Lazima aikate ingali vuguvugu. Ikipoa inavunjika ovyo.

Dereva kutoka Malawi anasogea na kuelekeza kidole kwenye beseni la maandazi. "Nipe mandasi mawili."

Filomena anacheka. "Hilo jina halijapotea sana njiani," anasema, huku akimfungia kwenye gazeti.

Mama huyu wa miaka 47 alizaliwa kijiji kimoja cha Masasi. Alikuja Dar es Salaam akimfuata mumewe, fundi wa makochi wa Keko. Mume alipofariki, binti yao Anna alikuwa bado shule ya msingi. Filomena akachukua kikaango na sufuria, akaenda kuuza mahali ambapo watu hukaa muda mrefu bila chakula, yaani kwenye foleni ya malori.

Hapo ndipo alipogundua kwamba Kiswahili chake hakikutosha kuuzia hata andazi.

"Alikuja Mzambia mmoja, Wilbert, akaniagiza vitumbuwa vya wenzake wote," anasimulia. "Mie nikaloweka mchele, nikasaga, nikatia nazi na iliki. Nikachoma vizuri kabisa. Asubuhi kuvifunua, ananiangalia. 'Mama, vitumbuwa viko wapi?'"

Alichotaka Wilbert ni madonge ya ngano ya kukaanga, ambayo kwa Filomena ni kaimati zisizopakwa shira. Ubishi ukawa mkubwa, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyekosea. Mwishowe Wilbert aliweka kitumbua kimoja cha Filomena mdomoni ili yaishe, akarudi kuchukua kingine.

Baadaye akaja kijana wa Kinshasa akiuliza mikate. Filomena akamwelekeza dukani. Kijana alirudi ameshika mkate wa boflo, uso umemshuka, akanyoosha kidole kwenye yale yale madonge ya ngano aliyotaka Wilbert, ambayo sasa Filomena naye aliyauza mezani. Kwao, hayo ndiyo mikate.

"Nikaanza kuwauliza wote. Nilikuwaga nawasumbua kweli," anasema Filomena. "Jirani yangu wa Mombasa anaita mahamri, mie naita maandazi ya nazi. Nikajiuliza, sasa nani alianza? Sijapata jibu mpaka leo."

Wengi waliyaona maswali yake kama mazungumzo ya kupitisha muda. Mpaka siku ile ya masika mwaka jana.

Albano, dereva wa Lubumbashi mwenye umri wa kati, alishuka kwenye lori akiyumba. Shati lilikuwa limelowa jasho ingawa mvua ilikuwa imetia ubaridi. Ulimi ulikuwa mzito. Alichoweza kusema ni neno moja tu, akilirudia: bombo.

Gaspar, mpakia mizigo wa hapo, ndiye aliyemfikia kwanza. "Nikajua jamaa kalewa," anakiri. "Anasema bombo, nikaelewa bomba, anataka maji. Nikamshika mkono nimpeleke kwenye bomba akanawe uso."

Walipita mbele ya meza ya Filomena. Naye anasema wazo lake la kwanza lilikuwa hilo hilo la bomba. Lakini macho ya yule dereva hayakuwa yakitafuta maji. Yalikuwa kwenye kopo la pipi.

"Nikakumbuka utingo mmoja wa Burundi, alinunua pipi za wanawe akasema anawapelekea bombo. Nikamwambia Gaspar, mwache, huyu anataka pipi. Gaspar akanijibu, mtu mzima kalewa hivi, pipi ya nini?"

Filomena alimkalisha Albano kwenye ndoo, akamenya pipi na kumtia mdomoni, kisha akakoroga sukari nyingi kwenye chai na kumnywesha kidogo kidogo. Taratibu ulimi ukawa mwepesi. Albano akauliza yuko wapi.

Albano ana kisukari. Asubuhi hiyo alikuwa amejidunga sindano yake akitegemea kula akishavuka geti, lakini foleni haikusogea na begi lake la chakula lilibaki kwenye lori la mwenzake. Katika kituo cha afya alikopelekwa, alielezwa kwamba sukari mwilini ilikuwa imeshuka mno.

"Watu walinisikia, lakini hawakunielewa," anasema Albano kwa simu kutoka Lubumbashi. "Ile inaogopesha kuliko ugonjwa."

Filomena alifunga biashara mapema siku hiyo. Nyumbani Keko alishindwa kula. "Nilikuwa nawaza, kama yule utingo angenunua maandazi badala ya pipi, mie ningejuaje?"

Tangu hapo Albano hapiti Kurasini bila kusimama kwake. Huondoka na mfuko wa kashata za kupeleka nyumbani, yeye mwenyewe akionja kipande kidogo tu. Safari iliyopita alikuja na habari. Watoto wa mtaani kwake hawakuwahi kuambiwa kile kitu kinaitwaje. Walichosikia ni kwamba kimetoka kwa Mama Filomena. Sasa kashata wanaiita filomena, na wakubwa wao wameanza kuiita hivyo hivyo.

Mwenye jina hajawahi kuvuka mpaka wowote. Ameanza kufuatilia pasipoti, na Anna, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi Chang'ombe, ameahidi kumsindikiza likizo ya Desemba.

"Nikifika sitajitambulisha," anasema Filomena, akizikusanya chembe za karanga zilizobaki kwenye ubao. "Nitakaa kibarazani kwa Albano, kimya. Nataka tu nimsikie mtoto mmoja akimlilia mama yake ampe filomena."