Hakuna Aliyekunywa Maji Kwao

Mwanabaraka ni somo, kungwi wa maharusi, hapa Bagamoyo, na sharti lake ni moja tu. Hagusi hina ya bibi harusi mpaka yeye, au mtu anayemwamini, amefika kwa kina bwana harusi, amekaa kwenye mkeka wao, amekunywa maji yao. Akishakunywa huuliza majirani. Posa zilizovunjika kwa kikombe hicho cha maji wenye mji wanazijua, na wapo waliomnunia mpaka leo.

Sasa mama huyo huyo, mjane wa siku nyingi, ndiye aliyefuatwa simuni na mtu aliyejiita Muataz. Mhandisi wa Maskati, kwa maneno yake, bibi yake mzaa mama katoka Pangani. Na kusalimia alijua. Alfajiri humwamsha kwa salamu, Ijumaa humtumia dua. Miezi ikapita hajataja pesa, na alipozitaja hakuomba. Alimfundisha tu kununua sarafu za mtandaoni, kwenye apu aliyomtumia mwenyewe. Akiba ya mama ikaingia humo. Kwenye kioo cha simu faida ikapanda kila kukicha. Siku alipotaka kuitoa akaambiwa alipe kodi kwanza. Akauza bangili, akalipa. Ikaja kodi nyingine. Hapo akaelewa, akanyamaza. Amwambie nani, somo mzima?

Dhuluma gani hii, jamani. Mwizi wa kuku hukimbizwa mtaani mchana kweupe, lakini huyu akishaiba, anayejificha ni aliyeibiwa.

Basi siku moja baada ya laasiri akaja Adila, aliyekuwa mwari wake, naye sasa mjane mwenye watoto na kiwanja cha Kerege alichoachiwa na marehemu. Uso umemnawiri. Baada ya shikamoo na marahaba akasema kapata mchumba, anataka somo amsimamie. Mnunuzi wa kiwanja anakuja kesho, na pesa zote mchumba atamwonyesha pa kuziweka, kwenye sarafu za mtandaoni. Akatoa simu. Jina Yousuf, naye wa Maskati. Uso ule ule, ndevu zile zile, hata saa ya mkononi ni ile ile.

Mwanabaraka akamtambua Muataz wake. Angeweza kusema tu kwamba mtu huyo haaminiki, yake akayafunika. Lakini alimjua Adila: kwa maneno matupu angekwenda kuuza. Akafungua simu yake, akaiweka kando ya ile nyingine.

Adila alisoma kwa muda.

"Nuru ya alfajiri yangu," alisema taratibu. "Na wewe, somo, kakuita hivi?"

"Kaniita. Nami nikaitika."

"Labda wamemwibia picha. Labda wangu ndiye wa kweli."

"Basi mpigie akuonyeshe uso. Mwambie somo wako ana jamaa Maskati, kesho watakwenda kwao kunywa maji."

Adila akapiga, simu haikupokewa. Akaandika. Jibu likaja upesi: hakutegemea kutoaminiwa, bei nzuri ya sarafu inakwisha kesho, auze kwanza hayo mengine baadaye. Adila akauliza tena nyumbani kwao ni mtaa gani. Picha ikapotea. Kamfungia.

Hakulia. Alimpigia mnunuzi, akamwambia kiwanja hakiuzwi. Kisha akataka kufuta kila kitu, Mwanabaraka akamshika mkono: huo ushahidi, unakwenda polisi pamoja na namba zilizopokea pesa. Wakajitanda, wakatoka.

Barazani walimkuta jirani, Zuwena, aliyekwisha kusikia yote dirishani. Akacheka, akasema leo kungwi kaposwa na simu.

"Cheka, bibi," Mwanabaraka akamjibu. "Mimi nimeibiwa, sikuiba. Aone haya mwizi. Lakini ukimaliza kucheka nipe simu yako niitazame, na wewe naona siku hizi unaamka na alfajiri."

Zuwena kicheko kikamkatika. Akaitazama simu mkononi mwake, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama huko polisi wanapokea watu watatu kwa pamoja.